Kishikio Kipya cha Bunduki ya Kinsley

Jumatatu, 8 Septemba
Kifurushi kimefika. Kishikio kipya cha kukokia bunduki, unavuta kwa mkono wa kushoto au wa kulia, upendavyo. Ni cha ile bunduki ya risasi ndogo ya binti yangu Kinsley. Yeye ni mashoto, na cha kiwandani kiko kulia tu, basi kila akikoki hupitisha mkono juu kama anayejikuna sikio la ng'ambo. Na bado hakuna mtoto West Virginia nzima anayeangusha sahani za chuma za shabaha kama yeye. Sijisifu. Hata mchungaji kasema.

Jumamosi ni mashindano. Mshindi wa daraja la bunduki za kiwandani anaingia timu ya kaunti. Nafasi moja. Wanaoitaka kweli ni Kinsley na Colton, mtoto wa jirani yetu Rhonda. Colton! Hufumba macho yote mawili akifyatua.

Jumanne, 9 Septemba
Mume wangu Vernon kasema nipeleke kwa fundi. Nikamwambia mimi nilimzaa Kinsley barabarani ndani ya pikapu, skrubu itanishinda? Nikahakikisha haina risasi, nikaifungua mezani jikoni. Springi ikaruka. Nikatafuta mpaka chini ya friji. Wakati wa chakula Vernon kaitema sahanini, akasema maharage ya leo yana madini ya chuma. Nikaiosha, nikairudisha. Sasa kinavutika pande zote, laini.

Kinsley kavuta mara kadhaa, halafu kasema mbona alishazoea kile cha zamani. Aibu tu, hajazoea zawadi.

Jumatano, 10 Septemba
Chakula cha pamoja kanisani. Nilikaa karibu na Rhonda makusudi, nikamwonyesha picha za kishikio. Nilitaka kimkwame kooni pamoja na saladi yake ya viazi. Wapi. Akasema jamani mwenzangu, hebu nitumie na mimi nizione vizuri. Nikamtumia zote. Kumbe ana roho nzuri, nilikuwa namwonea.

Jumamosi, 13 Septemba
Msimamizi, Bwana Hobart, alituita pembeni. Ana picha zangu kwenye simu yake! Kasema kaletewa na mwanachama mmoja wa klabu anayependa sheria. Sijui nani huyo, watu wabaya. Bunduki ikibadilishwa kishikio si ya kiwandani tena, inahamia daraja huria, kwa watu wazima wenye bunduki za kuundwa upya. Ila tukirudisha cha zamani sasa hivi, Kinsley atabaki daraja lake.

Kinsley akaninong'oneza, Mama, si kimo mkobani mwako, nimekiona.

Kweli kilikuwemo. Lakini Rhonda alikuwa amesimama pale pale na kahawa yake, akasema kwa upole kwamba ni vizuri mtoto abaki na watoto wenzake, huko huria ataumbuka bure. Ningefanyaje? Nikasema binti yangu haogopi mtu, mwandike huria.

Colton kachukua nafasi ya timu. Kinsley kawa wa pili kutoka mwisho. Lakini wa mwisho ni nani? Duane, mume wa Rhonda! Nilishangilia hadi Bwana Hobart akaniomba nirudi garini.

Jumapili, 14 Septemba
Kinsley hanisemeshi. Kala panikeki kavu, kaacha na nyama ya nguruwe. Jioni karudisha kishikio cha zamani mwenyewe. Springi haikuruka.

Baadaye alikuja akakaa kitandani kwangu. Oktoba kuna shindano la kupata mtu wa akiba wa timu, daraja la kiwandani tu. Ndiyo nafasi ya mwisho mwaka huu. Akasema, Mama, nakuomba, safari hii niachie mwenyewe. Nikamkumbatia, nikalia kidogo, nikaapa.

Jumanne, 16 Septemba
Sijaigusa bunduki. Nimekaa nayo chumba kimoja na sijaigusa.

Bwana Hobart alipiga simu, anaandikisha watu wa Oktoba. Mtoto hupiga daraja moja tu, kasema, kwa hiyo lipi? Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema la kiwandani, Mungu shahidi. Ila kapitiwa akataja kwamba Duane kajiandikisha huria, anasema ile Jumamosi jua lilimpiga machoni.

Nimemwandikisha Kinsley huria.

Yuko uani sasa, bunduki haina kitu, anajizoeza kupitisha mkono ule juu kwa juu, tena na tena, maskini. Amalize kwanza, ndipo nimpe habari njema.