Kushiba kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa maktaba anakwenda likizo ya uzazi. Ametangaza leo, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo, kwamba ufunguo wa maktaba ataachiwa mwanafunzi mmoja. Ufunguo! Mwenye ufunguo anakaa humo mapumziko yote, peke yake, mlango umefungwa kwa ndani. Hasimami uwanjani akijifanya anafunga kamba za viatu. Mimi kamba zangu nimezifunga tangu kidato cha kwanza, na zingekuwa na mdomo zingeniomba nizipumzishe.

Tulioomba ni wawili, mimi na Spika. Tunamwita Spika kwa sababu akinong'ona darasani wanamsikia jikoni. Kitabu hasomi zaidi ya jalada. Ufunguo anautaka ili auning'inize shingoni, hilo nina hakika nalo.

Mwalimu amesema hataki maneno ya upendeleo. Kila mmoja wetu awafundishe kidato cha kwanza kipindi kimoja cha Kiingereza, mada ikiwa maneno ya huzuni na misiba. Ambaye somo lake litakaa vichwani mwa watoto ndiye atakayepewa ufunguo.

Kufundisha ni kusema. Kusema ni mbele za watu. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikabaki huko mpaka kengele.

Jumanne, 4 Machi

Spika amefundisha. Debe tupu, lakini lilivyovuma! Kwenye "sad" alilia machozi ya kweli (nashuku kitunguu). Kwenye "disaster" alijiangusha kutoka juu ya meza. Watoto walipiga makofi mpaka darasa la jirani likatuma mtu kuuliza kuna nini. Mwalimu alicheka huku ameshika tumbo, akasema mtoto naye ameanza kucheza.

Nimekwisha.

Jioni. Sijakwisha! Nimekuta kitu maktaba. Chini ya kabati la jiografia kulikuwa na kamusi isiyo na jalada, imewekwa kama kabari kusawazisha mguu. Nimeichomoa. (Kabati limeinama kidogo. Nimeweka tofali.) Kumbe ni kamusi ya Kiingereza inayoeleza kila neno lilikuwa na maana gani zamani.

"Sad" zamani ilikuwa kushiba. Kushiba! Mtu alishiba, akashiba kupita kiasi, akawa mzito, akachoka, halafu karne baada ya karne akawa na huzuni. Neno limeanzia tumboni likahamia moyoni. "Dreary", ambalo leo ni siku ya mawingu isiyo na raha, zamani lilikuwa kutapakaa damu. "Wretch", maskini wa watu, alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao. Na "disaster" ni nyota mbaya. Wana nyota kama sisi!

Hili nililipeleka nyumbani mbio. Naishi kwa shangazi yangu, ambaye ndiye mpishi wa shule. Akasema kama Waingereza nao wana nyota basi mimi ni Mwingereza, maana yangu imelala tangu nizaliwe. Kisha akanitaka nimenye viazi.

Spika amefundisha maana ya leo. Mimi nitafundisha maana ya asili. Atajuta kuzaliwa muhula huu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefundisha. Nimeongea na ubao tangu mwanzo hadi mwisho. Ubao haucheki, ubao hauna macho. Niliandika maneno yote na maana zake kwa mwandiko wangu bora. Sad: kushiba. Dreary: yenye damu nyingi. Wretch: aliyefukuzwa kwao. Neno "zamani" nililitamka mara kadhaa, ingawa huenda chaki ndiyo iliyosikia peke yake.

Mwalimu hakuwepo. Alitoka mwanzoni tu, mkono mdomoni, mambo ya mimba. Alirudi kengele inalia, akakuta watoto wameinamisha vichwa wananakili kwa ulimi nje. Akasema hajawahi kuwaona wametulia hivyo. Kuna mmoja mdogo kuliko wote, sweta limebaki na kifungo kimoja, wenzake wanamwita Kifungo. Huyo aliniuliza kama mtu anaweza kusema "very sad" akishiba sana. Nikamwambia hapo ndipo hasa.

Ninauona ufunguo kabisa. Una kutu kidogo kwenye tundu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. 

Mwenyekiti wa bodi ya shule amekuja kukagua jiko. Huja kila muhula, hutazama masufuria, huvua miwani, huivaa, huondoka. Leo amepita kwanza kidato cha kwanza. Akawauliza kwa Kiingereza, aone kama wanajua, wanajisikiaje baada ya chakula cha mchana.

Kifungo akasimama. Akasema: "Sir, we are very sad."

Mwenyekiti akadhani hakusikia vizuri. Darasa zima likamsaidia kwa sauti moja: very sad, sir! Mwingine akaongeza kwamba yeye huwa sad kila siku, na Jumatano ndiyo zaidi kwa sababu kuna nyama. Mwenyekiti akauliza, hiyo nyama ikoje. Wakatazamana, wakakumbuka siku waliposaidia kuibeba kutoka buchani ikivuja damu. "Dreary," wakasema. Mwenyekiti akauliza aliyekuwa akipika mwanzo alikwenda wapi. Yule mama wa zamani aliondolewa mwaka jana kwa kuuza mafuta ya shule, kila mtu anajua. Kifungo akajibu, kwa heshima zote, kwamba huyo ni "wretch".

Mwenyekiti hakufika hata jikoni. Shangazi ameitwa mbele ya bodi Jumatatu, ajieleze kwa nini chakula chake kinawahuzunisha watoto. Akishindwa, kazi hana.

Spika amenipa pole kwa sauti ambayo shule nzima imenipa pole.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi hasemi. Yeye ambaye huongea na sufuria, huongea na mwiko, humkemea paka wa jirani kupitia ukuta. Jana alisugua sufuria moja mpaka nikaona uso wangu ndani yake, na sikuupenda. Kitu kimoja tu alichosema ni kwamba angeambiwa chumvi imezidi angeelewa. Lakini huzuni? Huzuni anaitia na kijiko gani?

Niliwaza nimwambie ukweli. Nikawaza tena. Kusema ukweli ni kusema. Lazima iwepo njia isiyohitaji mdomo.

Ikapatikana! Mchana mwenyekiti alikuwa na kikao kwa mwalimu mkuu. Niliiweka kamusi kwenye kiti cha veranda atakachokalia akisubiri, imefunguliwa penye "sad", mstari umepigwa kalamu nyekundu. Ataiona, atasoma, ataelewa, atamwita shangazi amuombe radhi. Nami sijatajwa.

Mwenyekiti alikuja na miwani mfukoni. Akaikalia. Alikaa juu ya ushahidi wote kwa muda mrefu, akaona kiti kimepanda, akaona ni raha, akabaki. Alipoondoka akapita Spika, akaiona, akaipeleka kwa mwalimu wa maktaba akisema ameokoa mali ya shule. Ameshukuriwa mbele ya gwaride. Isitoshe ameambiwa atafute nani aliyechora kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 8 Machi

Njia nyingine isiyohitaji mdomo: nilikwenda bwenini kuwafundisha kidato cha kwanza upya, ili Jumatatu waseme vizuri. Niliandika kwenye karatasi: sad si kushiba, sad ni huzuni. Kifungo akasoma, akanitazama kwa huruma. Akaniuliza kama kuna mtu amenitisha. Akasema wao wanajua ukweli, kaka, na hawatausaliti. Wameapa! Somo limekaa vichwani kweli kweli.

Nikarudi nyumbani. Shangazi alikuwa amekaa jikoni, hajafunga kitambaa cha kichwa, anatazama jiko lililozimika. Aproni ya kazi ameipiga pasi, ameikunja, ameiweka kwenye mfuko. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni ya kurudisha, isije ikasemwa ameondoka na mali ya shule.

Hapo mdomo ukafunguka wenyewe. Nilimwambia yote, kuanzia kabari ya kabati. Nilimwambia watoto walisema wameshiba, tena wameshiba sana, ila kwa Kiingereza cha watu waliokufa.

Akachukua mwiko. Halafu akasema polepole, "Wewe baba. Mtu akifiwa, unamwambiaje?"

Nikasema, unamwambia pole.

"Na akitembea mbio kwenye utelezi?"

Nikasema, polepole.

"Sasa mfiwa ukimpa pole, umemwambia apunguze mwendo?"

Nikasema hapana.

"Na hukuhitaji kamusi kulijua hilo. Unamtazama mfiwa usoni, unajua. Neno lina mwenyewe, mwanangu, na mwenyewe ni anayelisikia."

Ni hoja nzuri sana. Nilitaka kumwambia kwamba kwa kweli pole zote mbili huenda ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba ingefaa kuchunguza, lakini alikuwa ameshika mwiko. Akasema Jumatatu nitakuwepo mbele ya bodi, na nitasema, na si kwa ubao.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema. Sauti ilitoka kama ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Meza ndefu, wajumbe, birika la chai, shangazi pembeni na mfuko wake wa aproni mapajani. Mwenyekiti aliniambia niongeze sauti. Nikaongeza. Aliniambia tena. Mlangoni Spika, aliyekuja kusikiliza kwa siri, akashindwa kuvumilia, akaanza kurudia kila sentensi yangu ili wajumbe wasikie. Kwa hiyo ukweli wa shangazi yangu umesemwa na Spika. Hii nimeandika tu, sitaki kuifikiria.

Wakamwita Kifungo. Wakamuuliza kwa Kiswahili, chakula kikoje. Akashangaa kwamba watu wazima wanauliza jambo alilokwisha kulieleza. Akasema kule nyumbani kwao hulala njaa siku nyingine, lakini hapa tangu aje hajalala njaa hata mara moja, na yule mama humwongezea kiazi bila kuombwa. Ndiyo maana alisema very sad. Alitaka kusema vizuri.

 Mwenyekiti akavua miwani akaifuta, na safari hii haikuwa na vumbi. Shangazi alitazama dirishani. Halafu mjumbe mmoja akaanza kucheka, kicheko kikazunguka meza kama sahani ya karanga.

Kazi ya shangazi ipo. Aproni ameivaa palepale ofisini, juu ya gauni la heshima, akarudi jikoni kwa sababu viazi vilikuwa motoni.

Mimi nimepewa adhabu moja. Niandike tangazo la Kiingereza la kumsifu mpishi, libandikwe mlango wa jiko, wageni wa wizarani watakaokuja Jumatano walisome. Mwalimu wa maktaba amesema tangazo likiwa zuri, ufunguo ni wangu, maana somo lililokaa vichwani ni langu na hilo hakuna anayeweza kulikanusha.

Jumanne, 11 Machi

Tangazo tayari! Nimefanya kazi mchana kutwa. Sikutumia maneno ya kawaida kama "good" na "kind", ambayo hata Spika anayajua. Shangazi aliyepita kwenye moto anastahili maneno yaliyopita kwenye moto.

Nimeirudia ile kamusi maktaba. "Silly": wengine leo husema ni mpumbavu, lakini zamani ilikuwa mwenye heri, aliyebarikiwa, kisha mtu wa kuhurumiwa kwa wema wake. "Pathetic": leo ni kitu hafifu cha kusikitisha, lakini zamani ilikuwa chenye kugusa moyo. Na vile viazi viligusa moyo wa mwenyekiti, niliona kwa macho yangu. Kosa la safari ile lilikuwa sauti yangu ndogo tu. Safari hii nimeandika kwa herufi kubwa:

OUR COOK IS A SILLY WOMAN AND HER POTATOES ARE PATHETIC.

Nimemsomea shangazi. Kiingereza hajui, lakini akasema linasikika kama wimbo. Ameliwekea nailoni lisiingie mvuke, na amelibandika kwa misumari sita.

Kesho wageni wanafika saa nne. Nimeshasafisha mfuko wa shati utakaokaa ufunguo.