Tunakufungulia Kitabu

Jumatatu, 4 Agosti
Shangazi Munira kapita dukani asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia huku anapima ukuta kwa futi kamba. Nisipopata wateja mpaka Ijumaa, vitabu vya marehemu mumewe vinaingia kwenye magunia na Korogwe inapata saluni nyingine. Kaniuliza nani aliingia humu mara ya mwisho. Nikamtaja yule mbuzi.

Ila akili ninayo. Nimemaliza riwaya moja ya taratibu: watu walioumizwa na maisha wanaingia duka la vitabu, wanapewa chai na kitabu, wanajitambua, wanapona. Kurasa mia tatu, hakuna hata aliyezabwa kofi. Nimelia mara mbili. Nami nitaponya watu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu: UNA MZIGO MOYONI? INGIA, TUNAKUFUNGULIA KITABU. Chai tayari, visheti tayari. Sadala, fundi viatu wa mlango wa pili, kaniuliza kama nina kibali cha hiyo kazi. Wivu tu.

Mchana, foleni. Foleni! Mama mmoja wa Mashewa kavua ndala mlangoni, anataka nimtajie aliyemwibia kuku. Mwingine kaleta jina la mkwewe kwenye karatasi. Hapo ndipo nikaelewa: wanadhani mimi mganga wa kitabu, yule wa kupiga ramli. Nikawaeleza hapa ni riwaya tu. Wameondoka wamenuna, na mama wa kuku kabeba visheti vyote.

Jumatano, 6 Agosti
Nimesugua kibao, rangi haitoki. Kaingia mzee Loishiye, mfugaji wa Handeni, na fimbo yake. Kafiwa na mkewe tangu masika, chakula hakishuki. Akasema nifungue kitabu. Nikaanza kujieleza, akasema fungua. Nikaiangalia fimbo, nikafungua kilichokuwa karibu, nikasoma. Kilikuwa kisa cha bwana harusi aliyepotea njia akienda kuoa. Ukurasa wa tatu mzee katabasamu. Wa tano kacheka hadi shuka likamdondoka begani. Akasema mkewe angekipenda sana, kisha akalia. Nikalia naye. Chai tumeimaliza.

Alhamisi, 7 Agosti
Mzee karudi; jana kalala kwa bintiye Naeku, Mnyuzi. Kaja naye pamoja na majirani saba. Wanataka kujua bwana harusi kafika au hajafika. Sadala kahamishia kigoda chake mlangoni kwangu, eti hapa kuna mwanga.

Ijumaa, 8 Agosti
Shangazi kaja na fundi wa vioo vya saluni. Wakakosa pa kupita, watu wamejaa hadi mlangoni. Akasimama kusikiliza, dakika mbili tu, kasema. Bwana harusi alipobisha hodi nyumba siyo, shangazi akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu awe mjane. Fundi karudishwa na vioo vyake. Duka linabaki! Nina furaha mpaka mwandiko unapinda.

Somo nimelipata: kibao ndicho kila kitu. Sasa nawataka wanafunzi, waje wasome habari za mwezi na sayari. Kibao cha pili kinakauka hapa, herufi kubwa, safari hii hakuna wa kuelewa vibaya: HAPA TUNASOMA NYOTA.