Mkwe Yuko Tanurini

Dodoma, Jumatatu, 5 Julai 1948

Baridi. Upepo umeanza kabla ya jua, vumbi mpaka ndani ya chai. Nimeunguza mikate ya asubuhi. Si kosa langu. Nilikuwa nimekaa juu ya kuni nikitazama moshi wa treni ya Kigoma, nikaliona kabisa behewa zima limejaa mikate yangu, ubavuni limeandikwa jina langu, SILA, kwa rangi nyekundu. Treni ilipopotea, mikate ilikuwa mkaa.

Rajabali, mwoka mikate wa mtaa wa Wahindi, alipita na baiskeli. Akaniuliza kwa adabu kama mikate yangu ni ya kula au ya kujengea. Simpendi.

Lakini leo kuna habari. Seth, karani wa Mzungu wa ofisi ya kazi, niliyesoma naye misheni, ameniambia serikali ina mpango mpya. Ukiajiri mtu asiyejua kazi ukamfundisha, serikali inakurudishia nusu ya mshahara wake mpaka ajue. Rajabali ameshaajiri wawili. Ndiyo maana ananenepa.

Nimelala chali mchana kutwa nikiwaza. Mawazo yakarudi moja moja kama mbuzi zizini. Ukiajiri mtu wa nyumbani, mshahara unautoa kwa mkono wa kulia na kuupokea kwa wa kushoto. Nusu ya serikali inabaki faida tupu! Sijui kwa nini Wazungu hawakuniuliza mapema.

Jumanne, 6 Julai

Vijana wote wa hapa Miyuji wamekwenda Kongwa kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Nikapeleka jina la mke wangu, Yudith. Seth akasema mke si mwajiriwa, hata kama anafanya kazi kumshinda mwajiriwa. Nikafikiri tena. Nikamtaja mama yake Yudith, mjane, anayekaa Mkonze.

Yaani sikumtaja. Mkwe hatajwi jina. Nilisema "yule wa Mkonze" nikatazama dari. Seth ni Mgogo mwenzangu, akaelewa, akaandika mwenyewe. Kisha akaniuliza taratibu kama nimefikiri vizuri. Nikamjibu kwamba hili ni jina tu, mwenyewe hatakanyaga hapa. Mzungu atakuja kukagua Alhamisi ya wiki ijayo. Siku hiyo nitasema mwanafunzi anaumwa tumbo.

Nimerudi nyumbani polepole, nikichagua rangi ya gari nitakalonunua. Nimeamua kijani.

Jumatano, 7 Julai

Msiba. Mkwe amekuja!

Kumbe Yudith alimpelekea habari kwa furaha. Nilikuwa nakanda unga, nikasikia salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyi", uani kwa sauti ninayoijua. Nikaruka nje kwa dirisha. Hakuna Mgogo aliyelelewa akalelewa anayesimama chini ya dari moja na mama mkwe, wala kumtazama usoni. Nikaangukia kwenye majivu. Yeye naye akageuka, akajifunika kanga. Tuliheshimiana sana, yeye mlangoni, mimi majivuni.

Yudith amenieleza baadaye. Tembe la mama yake, nyumba yake ya udongo, limebomoka upande mmoja kwa mvua zilizopita, na kwa mshahara huu ataliinua kabla ya mvua nyingine. Mazao yake ameyaacha kwa jirani. Anataka kulipwa mkononi kila Jumamosi, kuanzia wiki ijayo. Nikamwambia Yudith kwamba ulikuwa mpango wa karatasi tu.

Yudith akasema, "Mama akirudi Mkonze kwa aibu, tutarudi wawili."

Yudith hasemi jambo mara mbili. Nampenda, na Mkonze si mbali.

Ijumaa, 9 Julai

Nafundisha kwa ukuta. Mimi nje, nimeegemea ukuta wa nyuma. Yudith mlangoni. Mkwe ndani na unga. Nasema atie hamira. Yudith anasema: anasema utie hamira. Ndani kunajibiwa kwamba hamira ilishatiwa zamani. Somo linakwenda hivyo.

Jua la ukutani ni tamu. Katikati ya somo nilisinzia, nikaota nina matanuri katika kila stesheni, Morogoro mpaka Tabora, na moshi wake unapanda mwembamba mwembamba, mweupe, na watu wanashuka kwenye treni kwa ajili ya harufu tu. Nikachungulia tanuri la kwanza. Mkwe yumo. La pili, mkwe yumo. Nikaamka na jasho.

Mikate haikuungua. Ajabu.

Jumatatu, 12 Julai

Siingii tena kwenye chumba cha tanuri langu. Mkwe anafika wa kwanza asubuhi na kuondoka wa mwisho jioni, na wakati huo moto umeshazimwa. Nilihitaji koleo langu, nikaliomba kupitia kwa Yudith. Nikajibiwa linatumika. Basi nachanja kuni.

Rajabali alisimamisha baiskeli, akanunua mkate mmoja, akaula papo hapo. Alitazama upeo wa macho kama mtu aliyepata barua mbaya. Nimekaa juu ya gogo nikikumbuka uso wake mpaka chakula cha jioni kikapoa.

Jumatano, 14 Julai

Kesho Mzungu. Seth anasema atataka kuona mwalimu na mwanafunzi wakifanya kazi pamoja. Pamoja!

Nimewaza kila namna. Nijifunge kitambaa machoni? Atasema tanuri lina kipofu. Mkwe avae gunia? Yudith amekataa hata kulipeleka ombi hilo. Mzungu asiporidhika hakuna nusu, na bila nusu sina mshahara wa kumlipa mkwe Jumamosi. Hapo tembe halijengwi, na Yudith anakunja mkeka wake. Jana na leo nimepata hofu ya kweli. Nikatazama mawingu labda yana shauri. Yalikuwa mazuri, makubwa, yakielekea Iringa bila haraka.

Alhamisi, 15 Julai

Niandike kwa utulivu.

Mzungu alikuja na Seth saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa nje, nimejifunika gunia la unga kichwani kwa heshima, nachanja kuni na kuuliza ukuta kama mikate imeiva. Mzungu akasimama kunitazama. Mara mkwe akatoka na sinia la mikate, mikono myeupe mpaka viwikoni. Nikatupa shoka, nikakimbilia nyuma ya choo.

Nilisikia yote. Mzungu aliuliza mwenye tanuri ni nani. Seth akakohoa. Akakohoa tena. Nilitaka kujitokeza, lakini ningesema nini mbele ya mkwe? Ndipo mkwe akajibu mwenyewe, polepole:

"Mwenye tanuri mimi sijamwona tangu nije. Anayeoka ni mimi."

Na ni kweli. Hajaniona. Lakini Seth alimtafsiria Mzungu ile nusu ya mwisho tu.

Mzungu akala mkate. Akala wa pili. Kisha Seth akatafsiri kwa sauti kubwa, ili inifikie kule nyuma ya choo, kwamba Bibi Zipora (Mungu anisamehe, naandika tu alivyosema) ni mwajiri wa mfano. Kijana wake wa kuni anaonekana mwoga, lakini akilelewa vyema huenda akajifunza. Kijana! Nina miaka thelathini na minane. Serikali itamrudishia mkwe nusu ya mshahara wangu.

Seth alibaki nyuma kidogo. Akanieleza kwamba kama angetafsiri yote, angelazimika kusema kwa nini nilimwandikisha mkwe, na jioni hii ningelala mahabusu. Akasema nimshukuru.

Nilimshukuru.

Jumamosi, 17 Julai

Leo nimelipwa mshahara. Mkwe hawezi kunipa mkononi, kwa hiyo Yudith aliuweka juu ya gogo, mama yake akitazama kaskazini, mimi kusini. Mafundi wameanza kukata miti ya tembe. Yudith ameimba tangu asubuhi, na mimi moyo wangu umejaa, sina la kuficha. Harudi Mkonze.

Hata hivyo nimelala chali baada ya chakula, na wazo limekuja lenyewe. Mimi sasa ni mwajiriwa wa mtu. Hakuna sheria inayomkataza mwajiriwa kufungua tanuri lake pembeni na kuajiri mwanafunzi. Vijana bado wako Kongwa. Lakini mkwe ana mdogo wake anayekaa Nkuhungu, mama mwenye nguvu kabisa, hana shughuli. Nimeshampelekea Seth jina, yaani nimetazama dari. Naye ni mkwe, najua, lakini ni mkwe mdogo. Na safari hii nimefikiri mbele. Chumba cha tanuri kitakuwa na milango miwili.