Oti za Kakao na Mstari Mwekundu

Jumapili, tarehe 3

Leo nimemgundua adui yangu. Si uvivu, kama asemavyo mke wangu. Si usingizi. Ni kifungua kinywa!

Niandike ushahidi. Ofisini kwetu, masjala, daftari la mahudhurio hukaa mlangoni. Ikifika saa mbili kamili asubuhi, mkuu wa masjala hupiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho. Anayesaini chini ya mstari amechelewa, hata kama mguu mmoja ulishaingia. Mwezi uliopita nilisaini chini yake mara tano. Ijumaa mkuu aliniita. Akasema kiti cha msaidizi wake kiko wazi, na kwa miaka yangu kumi na moja masjala kinanistahili, lakini akiniona chini ya mstari mara moja tu tena kabla ya barua ya cheo kutoka Ijumaa ijayo, anampa Kalamu Mbili.

Kalamu Mbili! Tunamwita hivyo kwa sababu hubeba kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandika na moja ya kuonekana. Ana miaka mitatu tu kazini. Nami kiti kile nakitaka mpaka nakiota.

Sasa dawa. Mke wangu ni nesi, hutoka alfajiri, kwa hiyo uji najipikia mwenyewe. Kuwasha jiko, kukoroga, kufurika, kufuta, kungoja upoe. Dakika ishirini na tano! Lakini nimesoma gazetini habari za kuloweka oti, zile nafaka bapa za uji zinazouzwa kwa kopo. Unatia oti kwenye chupa, maziwa, kakao, asali, unafunika, unaweka kwenye friji jioni. Asubuhi zimelainika zenyewe, zina ladha ya chokoleti, na jiko hujaligusa. Nimemweleza mke wangu. Amesema hajaona uji uliomchelewesha mtu aliyeamka. Ni wivu.

Jumatatu, tarehe 4

Gazeti liliandika kijiko kimoja cha kakao. Gazeti lina uoga. Nilitia sita. Asali nikasahau.

Pia nilijaza chupa mpaka mdomoni. Oti zikavimba, kifuniko kikagoma. Nilijaribu kwa taulo. Kwa meno. Nikakibana kwenye mlango. Kiliporuka, nusu ya chakula iliishia kwenye shati. Nusu iliyobaki niliionja. Chungu! Kama nimelamba dawa ya viatu.

Nilifika dakika mbili kabla ya mstari, nahema. Kalamu Mbili aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nyumbani tunapaka rangi. Watu walicheka. Nami nikacheka, shingo upande.

Jumanne, tarehe 5

Kakao kijiko kimoja na nusu, asali viwili, chupa robo tatu. Nimeipatia! Nilionja alfajiri: laini, tamu. Dakika ishirini na tano zimeokolewa. Nikarudi nazo kitandani, maana ni zangu.

Niliamka saa mbili kasoro robo. Nilikimbia na chupa mkononi. Mkuu alikuwa ameshashika rula. Nilisaini huku wino mwekundu ukinigusa kidole.

Hapo mkuu akanusa. Akauliza ndani ya chupa kuna nini. Nikamkaribisha aonje, kwa heshima zote. Alifumba macho. Alikula yote, akalamba kifuniko, akasema tangu lini nimekuwa mtu wa maana.

Mchana kutwa nilikuwa na njaa, lakini nilifikiri. Mkono mtupu haulambwi. Kumbe kiti kile kinaweza kupatikana kwa kijiko!

Jumatano, tarehe 6

Nimempelekea mkuu chupa nyingine. Nilipita nyuma ya makabati ili Kalamu Mbili asione. Ameona. Akasema kwa sauti, mbele ya masjala nzima, kwamba ni jambo zuri sana mtu kumjali mkuu wake, ila inasikitisha wengine wakibaki kunusa tu. Mkuu akasema kweli, kizuri kula na wenzio. Akauliza kama siwezi kuleta za kila mtu. Yaani yeye, mpiga chapa, dereva, mpokezi na Kalamu Mbili.

Nikasema bila shida. Mdomo huu utaniua!

Jioni nzima nimeosha chupa za jemu, nimepima, nimekoroga. Mke wangu aliporudi kutoka zamu alikuta mboga zake sakafuni na friji imejaa chupa. Akauliza, kama hiki ndicho kifungua kinywa chepesi, kizito kikoje.

Alhamisi, tarehe 7

Chupa ya Kalamu Mbili niliitia kakao vijiko sita, bila asali. Nilimtazama akila. Hakukunja uso. Akanishukuru, akasema daktari alimkataza sukari na ni mimi peke yangu ofisini niliyelikumbuka hilo. Mpokezi akasema nina roho nzuri. Nimeumwa na kichwa tangu hapo.

Nilisaini nikiwa wa pili kutoka mwisho. Bado siku moja wiki iishe, na kiti ni changu.

Ijumaa, tarehe 8

Mke wangu aliniamsha kabla hajaenda kazini. Alininyang'anya shuka. Nilifika ofisini saa moja na nusu! Haijawahi kutokea. Nilikuta mfagizi tu, akaniuliza kama kuna msiba.

Nilipanga chupa mezani kwa kila mtu, na kijiko. Walipofika kazi ikaanza. Dereva anataka asali. Mpiga chapa kijiko chake kina kutu. Mkuu anauliza kama kuna ya pili. Mimi huku, mimi kule. Saa mbili ilipogonga nilikuwa kwenye sinki naosha vijiko. Mkuu, chupa mkono huu na kijiko mkono ule, akamwambia Kalamu Mbili ampigie mstari.

Akaupiga. Na jina langu halikuwepo. Nusu saa nzima nimo ndani na sijasaini!

Nililalamika. Mkuu alisema, huku anakwangua chupa, kwamba yeye ameniona kwa macho yake, lakini daftari halikuniona, na barua huandikwa kutokana na daftari. Kalamu Mbili akaniazima kalamu nisaini. Ile ya kuonekana. Haina wino.

Nilijifungia chooni. Iliniuma, sitaficha. Miaka kumi na moja.

Jumapili, tarehe 10

Barua ilitoka Ijumaa ileile. Kalamu Mbili ndiye msaidizi. Amri yake ya kwanza: oti ziendelee kila siku, yake ifike mezani kabla ya zote.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanionea huruma. Akasema niachane na chupa, niamke, nisaini, nikae. Basi! Mwanamke mzuri, lakini siasa za ofisi hazijui. Mtu amepata cheo, na neno lake la kwanza ni kuniomba chakula! Huyo nimemshika. Hawezi kupumua bila mimi.

Tena nimesikia idara ya jirani nao wana kiti kitupu. Mkuu wao anapenda chokoleti.

Basi jioni hii nimeloweka chupa tisa. Mke wangu amezihesabu, akauliza yangu mimi ni ipi.

Nimemwambia aache utani. Nani ana muda wa kifungua kinywa?