Mbawakawa Wangu Hawataki Kuzaa

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Leo tumebandua magome mbele ya Dakta, bosi wetu wa maabara. Chini ya magome ya Nadhifu, mwenzangu, watoto wa mbawakawa tele, wamejipanga kwenye mifereji yao kama wanafunzi bwenini. Chini ya yangu, wawili watatu, wamenyong'onyea. Yeye alipewa magogo ya msonobari, mimi mwerezi. Dakta anataka kujua mti upi unawafaa zaidi wadudu hawa kuzalia. Mimi najua sababu: Nadhifu alijichagulia wadudu wenye uzazi. Na mkataba wangu unaisha mwezi ujao! Nani atamwajiri mtu ambaye hata wadudu wake hawazai?

Nyumbani mke wangu kanipa pole na chai. Mungu ambariki. Kisha akanikumbusha kwamba kuku wetu nao hawatagi, ilhali wa mama mkwe, hapo ng'ambo ya ukuta, wanataga kila siku.

Jumanne, 4 Machi

Duru ya pili: wadudu wetu wale wale, kila mtu na kikopo chake, wanasubiri kutiwa kwenye magogo mapya ya miti ile ile. Nadhifu alipotoka kunywa chai, nikabadilisha wadudu: wake kwenye kikopo changu, wangu kwenye chake. Maskini, kabla ya kutoka alinikatia nusu ya mkate wake. Namshukuru kwa dhati. Wadudu wake wana afya, hata wanang'aa mgongoni. Sikuvaa miwani. Inanizeesha.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwisha! Tumebandua tena. Kwangu patupu. Kwa Nadhifu wamefurika, watoto wa wadudu wangu mimi! Wale wale goigoi! Na kule kung'aa, kumbe ni rangi ya kucha ya mkewe. Aliwatia nukta mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, wasije wakachanganyika. Nukta zote zimekutwa ndani ya magogo yangu. Nadhifu kaniita mwizi wa wadudu.

Dakta akainamia gome, akainuka anacheka. Akasema sasa hakuna ubishi: wadudu wale wale, ukiwaweka kwenye msonobari wanazaa, kwenye mwerezi wanakwama. Tatizo ni mti, si mdudu. Akauliza nani kanifundisha kubuni jaribio zuri hivi. Nikasema nimezaliwa na kipaji.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeongezewa mkataba! Mungu mkubwa! Nimelia chooni. Nadhifu kanipa mkono, akasema nikigusa tena kikopo chake atanitia nukta na mimi. Mtu mwema sana. Dakta akanikalisha, akanieleza taratibu kama anamweleza mtoto: mama yule yule, makao tofauti, uzazi tofauti. Nimeelewa kabisa. Nikashukuru, nikashukuru, hadi akaniomba nitoke.

Jumamosi, 19 Aprili

Mke wangu kafurahi mpaka kaimba. Pole zote zile, chai zote zile! Lazima nimlipe fadhila. Anataka mayai, atayapata. Asubuhi nimechungulia banda la mama mkwe: kavu, safi, viota vimetandikwa majani. Letu linavuja, na viota hatujawahi kuweka. Lakini banda si hoja. Kuku wake ndio wenye uzazi! Akienda sokoni tu, nawabadilisha.

Wake weupe, wangu weusi. Nani atagundua?