Dohani Iliyopakwa Unga wa Misheni

Jumatatu, 3 Oktoba 1983. Ngokolo, Shinyanga.

Moshi tena nyumba nzima. Mke wangu, Mama Serafina, kafungua dirisha, kafungua mlango, kakohoa kwa makusudi kabisa, kisha kaniuliza dohani itatengenezwa lini. Nikamjibu kwamba suala hilo nalifikiria. Kasema nalifikiria tangu mvua za mwaka juzi.

Kosa langu liko wapi? Nyumba aliijenga mzee Pranlal enzi zake za kuuza mkate. Akaweka tanuri jikoni na dohani ndefu ya matofali juu ya bati. Yeye kahamia Mwanza, dohani kaniachia mimi. Sasa matofali yamelika na udongo wa katikati umetoka wote. Moshi badala ya kupanda juu unarudi ndani kutusalimia.

Balaa ni kwamba Jumapili kuna Kipaimara. Masista wamempa Mama Serafina unga wa ngano aoke mikate ya sherehe. Ngano, mwaka huu wa shida! Akifaulu, mkate wa misheni ni wake moja kwa moja. Akishindwa, kazi inakwenda kwa Klara, mke wa jirani Donatus. Na akiikosa kwa sababu yangu, kasema, atarudi kwao Ushirombo na mama yake, anayekuja hiyo hiyo Jumapili. Hakusema kwa hasira. Hapo ndipo nilipoogopa.

Anataka nimwite fundi Mageni. Mageni! Tangu arudi kutoka kuchimba dhahabu Nyarugusu anavaa saa mikono yote miwili na hasalimii watu. Simwiti ng'o. Mimi niliyekuwa karani wa mizani pale ginneri, kiwanda cha pamba, nishindwe na matofali?

Jumanne, 4 Oktoba.

Nimekwenda dukani kwa Ebrahim kuulizia simenti. Kacheka mpaka kaegemea kaunta, simenti haijaonekana mjini mwaka mzima. Nikamwambia ni dharura ya kanisa. Kasema yeye ni Mwislamu.

Basi nikachimba udongo wa kichuguu, nikaukoroga, nikapanda, nikaziba. Donatus alikuwa ukutani kwake muda wote, akaniuliza kwa upole kama nazika kitu. Akaongeza kwamba Klara kashasafisha tanuri lake. Mnafiki mkubwa!

Jioni udongo ukakauka, ukapasuka, vipande vikabingirika juu ya bati. Mama Serafina kauliza nini hicho. Nikasema paka.

Jumatano, 5 Oktoba.

Nimepata akili! Dohani haina haja ya kupona. Ina haja ya kuonekana imepona mpaka Jumapili.

Pale ginneri tulibandika karatasi kwenye marobota kwa uji wa ngano. Ukikauka hata kwa kisu hautoki. Ukitia majivu unapata rangi ya simenti kabisa. Mama Serafina alipokwenda kwenye jumuiya nikachota unga wa misheni. Kidogo tu. Halafu kidogo tena, kwa sababu dohani ni ndefu.

Lo, imependeza! Laini, kijivu, utadhani nyumba ya mkuu wa wilaya. Mama Serafina kaitazama sana, kisha kaniambia ahsante mume wangu. Hajaniita hivyo tangu Serafina abatizwe. Nikajisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Donatus kauliza simenti nimeipata wapi. Nikamwambia wengine tunajuana na watu.

Ijumaa, 7 Oktoba.

Kunguru!

Mama Serafina aliwasha tanuri kulijaribu, na uji wangu ukaiva pale juu. Harufu ya mkate Ngokolo nzima. Klara katoka nje kuuliza nani anaoka darini. Kisha wakaja kunguru, wakaitana, wakajaa. Wanadonoa lipu yangu mpaka tofali linaonekana! Donatus kasema kaishi miaka mingi lakini simenti ya kuliwa hajapata kuiona. Kasema kwa sauti ili mtaa wote usikie.

Jumamosi, 8 Oktoba.

Naandika kwa shida, kiwiko kimevimba.

Asubuhi nilipanda na ufagio kufukuza kunguru, nimevaa kaptura yangu ya shamba, ile iliyochanika nyuma. Mara nasikia hodi. Mama mkwe! Kapata lifti ya lori la pamba, kaja siku moja kabla. Akatandikiwa mkeka uani, chini ya ngazi kabisa.

Mtu wa kwetu hapiti mbele ya mama mkwe hata akiwa na suti, sembuse na kaptura ile. Nikajibanza nyuma ya dohani, nikangoja aingie ndani. Hakuingia. Akabangua karanga. Akasimulia habari za Ushirombo, mtu mmoja mmoja, wazima na marehemu. Bati likawaka kama kikaango. Donatus akaja kumwamkia, shikamoo mama, marahaba baba, akanitupia jicho huku juu, akasikitika kwamba mkwe wake hayupo, kisha akaomba kuazima ngazi. Mama mkwe akamruhusu! Ngazi yangu!

Mama Serafina, asijue niko wapi, akaingiza mikate ya kwanza. Moshi ukanitokea usoni kwa kila ufa. Nikaikumbatia dohani ili nisikohoe. Dohani ikaachia. Matofali yakaporomokea ndani, juu ya mikate, nami nikateleza na bati mpaka uani, mbele ya mkeka.

Mayu wane, mama yangu wee, kapiga kelele mama mkwe, akajifunika khanga kichwa kizima. Lakini nilikuwa mweusi tii kwa masizi. Kwa hiyo uso wangu hakuuona, na heshima iko palepale.

Mama Serafina akatazama tanuri. Akatazama gunia la unga, akalinyanyua kidogo, akajua. Hakunigombeza. Akajifunga kitenge, akaenda kumwita Mageni mwenyewe, na njiani akapitia kwa Klara.

Jumapili, 9 Oktoba.

Mageni kaijenga dohani jana ile ile kwa udongo ule ule wa kichuguu, saa zote mbili mikononi. Moshi unapanda wima. Inaudhi!

Unga ulipopungua, Klara akaleta wake, wakaoka pamoja mpaka asubuhi. Masista wamefurahi. Mkate wa misheni sasa ni wa Mama Serafina na Klara, nusu kwa nusu. Nusu ya riziki yetu imekwenda kwa Donatus, naye kanipa mkono wa pongezi mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu.

Mama Serafina kasema haendi Ushirombo. Moyo wangu ukatulia. Kisha kasema tanuri halina wa kulilinda, kwa hiyo anayebaki ni mama yake.

Jumatatu, 10 Oktoba.

Hali haivumiliki. Mama mkwe kaketi uani tangu alfajiri na gunia la unga ubavuni. Mlango wa nyumba unatokea uani, na choo kiko uani. Natoka kwa dirisha la chumbani, kwa kiwiko hiki, na choo naomba kwa Donatus.

Lakini nimepata akili. Nitatoboa mlango wangu mwenyewe kwenye ukuta wa chumbani, pale tanuri lilipoegemea kwa upande wa pili, nitokee nyuma bila kuonana na mtu. Fundi wa nini? Nimeupapasa ukuta, una joto joto, maana yake ni mkavu, na ukuta mkavu hausumbui. Nyundo kaniazima Donatus. Nilipomweleza mpango wote akanishika bega, akasema anza sasa hivi. Kumbe ni mtu mwema, nilikuwa namwonea bure.