Mota Iliyofaulu Bila Kuwashwa

Idara ya Usimamizi wa Vyombo Virukavyo Visivyo na Abiria, Kanda ya Moshi, iliutangazia umma kwa furaha kubwa kwamba imekuwa ya kwanza barani kupima mota ya ndege bila kuiwasha. Gari lenye vipaza sauti lilizunguka kutoka mtaa wa Soweto hadi Bomang'ombe, likihimiza wananchi wafike uwanja wa Kwa Sadala Jumamosi kushuhudia mota hiyo ikikabidhiwa cheti.

Mwenye ugunduzi huo alikuwa Mratibu Sylvanus. Hakuwa mtu wa kujisifu. Kazi hiyo aliwaachia walio chini yake, na waliochelewa aliwakumbusha. Alichokitaka ni Dodoma. Kiti cha naibu mkurugenzi kilikuwa wazi huko, na mgeni rasmi wa Jumamosi alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Mama Theodora. Shughuli ikienda vizuri, Sylvanus angehama na makochi yake mwezi huohuo.

Ugunduzi wenyewe ulizaliwa na kanuni. Zita, fundi wa Soweto anayeunda ndege ndogo za rimoti, alileta mota yake ya umeme: feni ya mapanga mengi ndani ya bomba fupi, inayozunguka kwa kasi ya kutisha. Ilikuwa imeanguka, naye alishuku panga moja limepata ufa. Aliomba kibali cha kuiwasha ikiwa imefungwa kwa bolti nyuma ya ubao mnene, aone kama itastahimili. Kanuni, kwa busara yake, ilikataza kuwasha mota ambayo haijapimwa. Ofisa mvivu angemrudisha nyumbani. Sylvanus aliitisha kamati.

Kamati ilikaa, ikanywa mtori wa ndizi, ikaitazama mota. Mzee Yakobo, mjumbe wa usalama, alitaka kujua kwa nini haina kidhibiti mwendo wakati hata basi la Arusha linacho. Yuditha wa utumishi aliinusa, akaridhika. Sylvanus aliinyanyua na kuipimapima kiganjani kama mtu anayenunua parachichi. Kufika jioni mota ilikuwa imefaulu.

"Lakini hamjaiwasha," Zita alisema.

"Binti, daktari mpaka akupasue ndiyo ajue una afya? Nenda kapumzike. Umefaulu," Sylvanus akamwambia.

"Mzee, sikuomba kufaulu. Niliomba kujua kama ina ufa."

Idara haikuwa na huduma hiyo.

Jumamosi Mama Theodora alifika kwa kuchelewa kunakostahili cheo chake. Cheti alikuwa ameshakisaini garini, bila kukisoma, maana alikuwa na imani na watendaji wake. Alipanda pamoja na kamati jukwaa la mbao lililopambwa kwa majani ya migomba, na Sylvanus akamweleza, kipaza sauti mkononi, kwamba mota ile ni salama kuliko kijiko cha uji.

"Kama ni salama hivyo, iwashwe tuione," Mama Theodora akasema.

Watu wakapiga makofi. Zita akasogea. "Shikamoo, Mama. Naomba niifunge kwanza nyuma ya ubao, na watu wakae mbali. Panga likikatika linaruka kama risasi."

Mama Theodora akamgeukia Sylvanus. "Si mmeipima?"

"Kikamilifu, Mheshimiwa."

"Sasa ubao wa nini? Ishike wewe, binti awashe."

Sylvanus akatabasamu, akaishika. Ilikuwa ya baridi. Aliiwaza Dodoma, kisha akaviwaza vidole vyake, ambavyo mpaka siku hiyo hakuwahi kuvihesabu kama mali. Zita alikuwa na rimoti, lakini kidole chake alikuwa amekiweka mbali na kitufe.

"Mimi siwashi, mzee, mpaka useme mwenyewe kwamba imepimwa."

"Sema basi, mangi, tunaungua jua!" mtu akapayuka.

Sylvanus akafungua mdomo aseme ndiyo, na kipaza sauti kikasikika mpaka barabara kuu: "Haijapimwa! Jamani, haijapimwa! Tuliitazama tu!"

"Yelewii!" mama mmoja muuza ndizi akashika kichwa.

Zita aliichukua mota, akaenda nayo pembeni ya uwanja, akaikaza kwa bolti, akasimamisha ubao mbele yake, akawasogeza watu. Mota ikalia, sauti ikapanda mpaka mbwa wakakimbilia migombani, kisha ikasikika pa! Zita alipouinua ubao ule, kipande cha panga kilikuwa kimezama humo.

Mama Theodora alikitazama. Halafu akazitazama mbao zilizo chini ya viatu vyake.

"Sylvanus," akauliza taratibu, "na hili jukwaa, nani alilipima?"

"Kamati, Mheshimiwa."

"Kwa njia gani?"

Sylvanus akalitazama jukwaa. Mama Theodora akavua viatu, akaukumbatia mkoba, akaanza kushuka kinyumenyume. Yuditha akamfuata. Mzee Yakobo alishuka kwa tumbo. Wananchi waliotaka kuondoka wakarudi kukaa, kwani shughuli ndiyo kwanza ilikuwa imenoga. Sylvanus akabaki peke yake katikati ya jukwaa, mguu mmoja juu, maana ubao chini ya mguu huo ulikuwa umelia.

Zita akajifuta mikono, akatazama juu.

"Shuka tu, mzee," akamwambia. "Kwa macho naliona ni imara."